Jina la Adui

Kuvu hudharauliwa kwa sababu ni jirani wa kila siku. Huota juu ya mkate uliolala, huharibu mahindi ghalani, na kichwani mwa mtoto huchora duara tuliitalo choa. Lakini wazee walisema kweli kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Katika ukoo huo huo wamo wauaji. Mmoja wao, Cryptococcus, huingia kwa pumzi akashambulia utando wa ubongo, hasa kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofishwa na Ukimwi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kuvu 19 za kuhofiwa, na nne kati yao liliziweka katika daraja la kwanza.

Mimi husadiki kuwa katika vita na adui wa namna hii silaha ya kwanza ni jina. Dawa hufuata jina kama hukumu ifuatavyo ushahidi. Hakimu akimfunga asiyehusika, mwizi huendelea kuiba. Tabibu akitibu kuvu isiyo yenyewe, ugonjwa huendelea kula.

Njia kongwe ya kulitafuta jina hilo ingali ikitumika. Mtaalamu wa maabara hutazama damu, makohozi au magamba ya ngozi kwa hadubini. Kisha huotesha sampuli katika chakula maalumu, akangoja. Njia hii ina heshima yake, maana jicho lililozoea huona mengi. Lakini kuvu nyingine huota kwa siku mbili na nyingine kwa majuma kadhaa, na mgonjwa mahututi hana majuma. Tena sura hudanganya.

Tazama Candida auris. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2009 nchini Japani, baada ya kupatikana katika sikio la mgonjwa. Auris kwa Kilatini maana yake ni sikio. Vipimo vya kawaida, vinavyochunguza kuvu hula sukari zipi, mara nyingi viliipa jina la ndugu yake, Candida haemulonii. Kosa hilo halikuwa dogo. Kuvu hii aghalabu haisikii dawa ya flukonazoli, nayo hudumu vitandani na katika vyombo vya wadi, ikahama toka mgonjwa hata mgonjwa. Kenya pia imepatikana.

Sura ikidanganya, huulizwa asili. Kila kiumbe hubeba DNA, maandiko ya urithi yenye herufi nne tu. Katika maandiko ya kuvu kiko kipande kiitwacho ITS, ambacho hutofautiana kati ya aina nyingi za kuvu. Mwaka 2012 wataalamu walikipendekeza kiwe alama ya utambulisho wa kuvu zote. Kwa kipimo cha PCR, alichokibuni Kary Mullis mwaka 1983, kipande kimoja hufanywa viwili, viwili vinne, hata baada ya mizunguko 30 vikapita milioni elfu moja. Kisha herufi zake husomwa na kulinganishwa na hazina ya herufi za kuvu zilizokwisha kujulikana.

Njia hii nayo haikukamilika. Ukuta wa chembe ya kuvu ni mgumu kuvunjwa. Mbegu za kuvu huelea hewani na huweza kuingia katika kipimo, zikamsingizia mgonjwa. Hata DNA ya kuvu iliyokufa husomeka. Kwa hiyo hadubini isitupwe. Mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja.

Husemwa kuwa vyombo hivi ni ghali kwa nchi zetu. Ni ghali kweli. Lakini anayehesabu bei ya chombo na ahesabu pia bei ya dawa isiyofaa, ya siku za kulazwa bure, na ya kaburi. Kijana achokaye na biolojia darasani ajue kuwa herufi hizo nne zangoja wasomaji, na kwamba kitandani yuko mtu ambaye uhai wake wategemea zisomwe sawasawa, tena mapema.