Tofali la Kasubi na hesabu yangu mbovu

Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza kama nimeacha kublogu au baridi ya Nyeri imenigandisha vidole. Hapana. Nilikuwa Kampala kikazi kwa wiki moja, na kabla ya hapo nilikuwa nimezama kwenye harambee ya hapa mtaani. Nawapa yote mawili leo kwa sababu yaligongana.

Upande wa Ruring'u kuna makao ya watoto. Bweni lao liliungua paa. Hakuna aliyeumia, ila watoto 31 walihamia kulala kwenye ukumbi wa kanisa. Tukaweka lengo la shilingi 400,000 za mbao, misumari na mabati. Mimi sina pesa za kutisha watu, kwa hiyo nikajitolea kwa kile ninachokijua: kuandika programu.

Ilikuwa kazi ya jioni mbili. Mweka hazina wetu, mzee mmoja mstaafu tunayemwita Mwalimu, anapokea mchango kwa M-Pesa, anausambaza ujumbe ule kwenye simu yangu, programu inasoma jina na kiasi kisha inajumlisha. Kila usiku kamati inapata jumla. Nilijivuna, sifichi. Jumapili moja programu ikasema 412,300. Ikatangazwa kanisani kwamba lengo limefikiwa, makofi yakapigwa, na michango ikakoma siku ileile. Alhamisi nikapanda basi kama shujaa.

Kampala, siku yangu ya mapumziko, nikaenda Mengo kuona Lubiri, kasri la Kabaka wa Buganda. Ndani ya jumba lenyewe, Twekobe, mgeni haingii. Unazungushwa uwanjani na kuonyeshwa vyumba vya zege vya enzi za Idi Amin, ambako watu waliteswa na kuuawa. Sikutaka kukaa pale. Nje kuna barabara iliyonyooka hadi Bulange, penye bunge la Buganda, na katikati yake mzunguko wa magari. Sisi sote tunauzunguka. Kabaka peke yake ndiye anayepita moja kwa moja katikati. Wenzangu wa kompyuta mtaelewa: haki za msimamizi wa mfumo, zilizojengwa kwa lami.

Kisha nikapanda boda hadi Kasubi. Mutesa wa Kwanza alijenga kasri lake hapo mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humohumo. Makabaka watatu waliomfuata pia wamelala hapo. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu, yenye paa kubwa la nyasi, iliteketea kwa moto. Mwongozaji alinieleza kwamba kuezeka si kazi ya fundi yeyote tu, ni ya ukoo wa Ngeye. Halafu akanisimulia kuhusu Ettoffaali, yaani tofali. Kuanzia 2013 Katikkiro, Charles Peter Mayiga, alizunguka majimbo ya Buganda akikusanya michango, na kila mtu alileta tofali lake kwa kadiri ya uwezo. UNESCO iliondoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Piga hesabu: miaka 13 tangu moto.

Nilikuwa bado namsikiliza simu ilipolia. Ujumbe wa Mwalimu: "Kijana wangu, ya benki na iliyo kwa simu ni 287,650. Hizo nyingine umeziweka wapi?"

Nilikaa chini kwenye nyasi. Kila ujumbe wa M-Pesa huanza na namba ya muamala, herufi na tarakimu ambazo hazijirudii. Programu yangu ilikuwa haiisomi kabisa! Mtandao ukisumbua, Mwalimu hutuma tena, na mimi nahesabu tena. Shilingi 124,650 za hewa. Na kibaya zaidi, zile za hewa ndizo zilizowafanya watu wafunge mikoba.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikaeleza, bila maneno ya kompyuta. Niliogopa kuitwa mwizi. Kulikuwa na kimya kirefu, kisha shosho mmoja aliyekuwa ametoa shilingi 50 akauliza kama yake pia ilihesabiwa mara mbili. Nikatafuta. Ndiyo shosho, umeandikwa 100. Akafungua leso: "Basi chukua hii nyingine, iwe kweli."

Watu wakacheka, na foleni ikaanza tena. Hadi jana usiku tuko 361,900, na safari hii Mwalimu anakagua na daftari lake la kalamu kabla ya chochote kutangazwa. Mabati yameshapigwa. Zilizobaki, 38,100, ni za dari, maana bila dari baridi ya hapa haina huruma kwa mtoto.

Programu nimeirekebisha, mistari minne tu. Mwenye chama anayeitaka aniandikie, nitamtumia bure.