Makubadhi ya Siyu

Katika visiwa vya Lamu, kaskazini ya pwani ya Kenya, kipo kisiwa cha Pate, na humo umo mji mkongwe wa Siyu. Msafiri atokaye Lamu kwa mashua hupita mlango wa Mkanda, mikoko ikiwa huku na huku, na nahodha hana budi kungojea maji yajae, kwani yakipwa chombo hukwama. Hushuka Mtangawanda, kisha huendelea kwa nchi kavu mpaka ayaone maboma ya ngome.

Ndugu wasomaji, Siyu ya leo ni mji mdogo na mtulivu. Lakini katika karne ya 18 na ya 19 ulikuwa mji wa wanavyuoni na mafundi, na humo nakala za Kurani Tukufu ziliandikwa kwa mkono na kupambwa kwa rangi. Mwaka 1863, baada ya kupigana kwa miaka mingi, mji uliingia chini ya Sayyid Majid wa Unguja. Enzi ikaondoka, bali kazi ya ngozi ikabaki, na hata sasa wapo wanaoshona mikanda na makubadhi.

Nilimkuta mzee mmoja barazani kwake, na mjukuu wake kando yake. Mzee alitoboa soli kwa maharazi, kisha akapitisha uzi mmoja wenye sindano mbili, moja kutoka juu na moja kutoka chini, zikipishana katika tundu lile lile. Uzi alikuwa ameusugua kwa nta ya nyuki. Nilidhani mshono ukifika mwisho na kazi imekwisha. Kumbe hapo ndipo ilipoanza kazi iliyonishangaza.

Kwanza alirudi nyuma matundu matatu, akashona juu ya mshono uliokwisha kushonwa, ili uzi usifumuke. Ncha zote mbili akazitoa upande wa chini, akazivuta, akazikata karibu kabisa na ngozi. Akaniambia kuwa uzi wa nailoni ncha zake huyeyushwa kwa moto kidogo, ama uzi wa pamba hautaki moto bali gundi. Kisha akaweka kipande cha ngozi juu ya mshono na kuupiga polepole kwa nyundo, hata nyuzi zikalala ndani ya mfuo wake. Akapitisha mfupa laini juu yake. Mwisho akailowesha kingo kwa maji, akaisugua kwa kijiti kigumu mpaka ikang'aa, akaipaka nta. Kazi hii yote ilichukua yapata robo saa kwa kila kiatu.

Mjukuu akasema, "Babu, yule tajiri wa Lamu anataka jozi arubaini kabla ya Ijumaa, naye amesema tuache kusugua. Bei ni ile ile. Wenzangu wanavua Kizingitini, na kila jioni wanarudi na fedha."

Mzee hakumkaripia. Alimpa kiatu kimoja cha zamani kilicholetwa kutengenezwa, akamwambia apitishe kidole gumba. "Uzi uliosimama," alisema, "ndio wa kwanza kulika. Mtu huvaa kubadhi na mguu una maji ya udhu, akakanyaga mchanga na chumvi. Uzi uliolala hulindwa na ngozi. Uliosimama hulika, na gidamu hung'oka njiani. Aliyekinunua hatamlaumu tajiri, atasema makubadhi ya Siyu hayafai."

Tajiri alipokuja alipata jozi kumi na nane tu, akaondoka amenuna. Fedha za wiki ile zilipungua, na kijana aliliona hilo kama nilivyoliona mimi.

Wanavyuoni wa fikhi wamefundisha kuwa muuzaji yampasa kubainisha aibu ya bidhaa yake, na kuificha ni ghushi. Kazi ya mikono nayo ina heshima kubwa katika dini yetu. Imepokewa kuwa Mtume, sala na amani zimshukie, alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe. Na Bibi Zainab binti Jahsh, mama wa waumini, alikuwa akitengeneza ngozi na kuishona, kisha hutoa sadaka katika chumo lake.

Lakini tusiwaachie mafundi peke yao mzigo huu. Enyi wazazi, mwendapo sokoni, kigeuzeni kiatu. Pitisheni kidole juu ya mshono, tazameni ncha za uzi na kingo. Mkikuta kazi iliyotimizwa, lipeni thamani yake bila ya kumpunja fundi, kwani anayetaka kazi kamili kwa bei ya kazi nusu naye ana sehemu katika kuiua kazi hiyo. Nanyi vijana, jifunzeni kutimiza hata pale pasipotazamwa na watu.

Mwenyezi Mungu azibariki chumo zetu za halali. Amin.