Begi Nilililinda, Salamu Nikaiacha



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake.

Wanafunzi wapendwa, kila mwaka kati ya Oktoba na Machi mnawaona wageni wakiteremka Kilindoni na mabegi makubwa migongoni, wamekuja kumtazama papa potwe. Mnawacheka wanavyoshangaa mambo tuliyoyazoea. Basi leo nakuhadithieni safari ambayo mshangaaji nilikuwa mimi.

Ilikuwa mwaka 2012, baada ya Idi el Fitri. Nilikuwa na miaka 20 na sijawahi kutoka kisiwani. Mwalimu wangu alinituma Dar es Salaam kununua misahafu na juzuu za watoto. Wazazi walichanga shilingi 180,000. Mama alinishonea mfuko wa ndani katika begi, akaniambia, "Mwanangu, hizi si zako wala si zangu. Hii ni amana."

Tuliondoka Kilindoni alfajiri kwa boti hadi Nyamisati, kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, kisha tukapanda gari mpaka Mbagala Rangi Tatu. Nilipoteremka tu, kijana mmoja akanigusa bega: "Dogo, begi la mgongoni si lako. Livae kifuani!" Nikalivaa kifuani.

Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 46,438 katika wilaya nzima ya Mafia, na watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Kesho yake mjomba aliponipeleka Mtaa wa Kongo, Kariakoo, niliona kama wote wamekutana pale. Viatu vimepangwa chini, nguo zinaning'inia juu ya vichwa vya watu, mikokoteni inapita na wenyewe wanapiga kelele, "Kando! Kando!" Redio tatu zinaimba nyimbo tatu. Mjomba alinieleza kuwa jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokuwa na kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na kweli, wachukuzi walikuwa kila upande.

Mimi, kwa desturi ya kwetu, nilimtolea salamu kila niliyekutana naye. Niliwahesabu: watu 11, walioitikia ni wawili. Mmoja aliniuliza, "Ustadhi, unauza nini?" Mchukuzi mwenye gunia kichwani alinipita bila hata kunitazama. Moyoni nikasema: watu wa mji huu hawana dini.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Tukaingia Msikiti wa Mtoro, na safu zilikuwa zimejaa. Mwenye duka na msukuma mkokoteni walisimama bega kwa bega. Tulipomaliza, mtu wa kando yangu, shati limelowa jasho, akanipa mkono: "Wa alaykumu salaam, ustadhi. Asubuhi ulinisalimia nikaitikia kimoyomoyo. Nilikuwa na gunia, pumzi sikuwa nayo." Alikuwa yule yule mchukuzi. Niliona haya hata nikashindwa kumjibu.

Ningepaswa kujifunza pale pale, lakini sikujifunza. Nilikaa siku tisa. Siku ya nne nilikuwa nawasalimia wachache, na siku ya saba hata mmoja. Macho yangu yalikuwa kwenye begi, na kila aliyenikaribia nilimwona mwizi. Vitabu vilinunuliwa, risiti nikazitunza, na chenji ya shilingi 6,500 ikarudi kamili.

Niliporejea Kilindoni nilipanda kutoka gatini nikienda mbio, begi kifuani. Nikampita mzee wetu mmoja ameketi barazani, mtu aliyenifundisha alifu kwa kijiti. Akaniita kwa upole: "Mwanangu, begi naona umerudi nalo. Salamu umeiacha wapi?"

Nilirudi nyuma, nikalivua begi, nikamtolea salamu, nikamwamkia shikamoo. Hakunigombeza. Aliniuliza habari za mjomba. Lakini swali lake sijalisahau mpaka leo.

Wanafunzi wangu, wengi wenu mtakwenda mjini kusoma au kutafuta riziki. Nawausia mambo matatu:

1. Lindeni mali, hasa ya amana. Kuvaa begi kifuani si dhambi, ni tahadhari.

2. Msimhukumu mtu kwa kukunyamazia. Kuanza salamu ni sunna na kuitikia ni wajibu, lakini hamjui mwenzenu amebeba nini.

3. Msiache salamu kwa kuwa hamkuitikiwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayetembea amsalimie aliyeketi, na wachache wawasalimie wengi. Mgeni aliye peke yake katika mji wa mamilioni ndiye mchache kuliko wote, basi aanze yeye.

Mji ule ulioasisiwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860 unaitwa nyumba ya amani. Na katika Surat Yunus, Allah (S.W.) anatuita kwenye Darus-Salaam iliyo bora zaidi, nayo ni Pepo, ambako maamkizi ya watu wake ni salamu. Tuizoee tangu hapa.

Allah atujaalie tusafiri salama na turudi na tulichoondoka nacho. Amin.

Wabillahi tawfiq.