Gunia la Mbolea na Deni la Udongo

Bandu bandu huisha gogo, walinena wahenga. Katika mashamba ya Naitiri, eneo la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, gogo linalobanduliwa ni udongo wenyewe, na mwenye shoka ni mkulima yule yule anayeutegemea kwa ugali na kwa karo. Habandui kwa ujinga. Mahindi ya nyanda hizo, kama yale ya Kitale jirani, hupandwa Machi au Aprili na huvunwa kuanzia Oktoba. Mwaka mzima hubeba msimu mmoja mkuu. Kumwambia mwenye ekari moja abadilishe mazao ni kumwambia akae mwaka mzima bila mahindi yake mwenyewe. Hapo ndipo elimu ya udongo inapokutana na sufuria.

Mazoea ya kupanda mahindi juu ya mahindi yana historia yake. Mashamba makubwa ya walowezi katika sehemu hizo yalianza kugawiwa Waafrika katika miaka ya 1960. Wakati huo huo, kazi ya kuzalisha mahindi chotara iliyoanzishwa Kitale mwaka 1955 ilikuwa imezaa matunda: aina ya H611 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1964. Mbegu hiyo na zilizoifuata zilileta mavuno makubwa, lakini nazo zilikuwa na njaa, zilidai mbolea. Baadaye wana wakarithi, mashamba yakagawanywa, na sehemu iliyokuwa ikipumzishwa ikakosa nafasi.

Kiswahili hutumia neno moja, mbolea, kwa samadi ya zizini na kwa chembechembe za gunia. Umoja huo wa jina huficha tofauti kubwa. Gunia la kilo 50 la DAP, mbolea ya kupandia, lina kilo 9 za nitrojeni. Gunia la CAN, mbolea ya kukuzia, lina takriban kilo 13. Mkulima aliyetia gunia moja moja katika ekari yake ameweka kilo 22. Akivuna magunia 20 ya kilo 90, na tuchukue kwamba kila kilo 100 za nafaka zina kilo moja na nusu ya nitrojeni, basi nafaka peke yake imeondoka na kilo 27. Fauka ya hayo, si nitrojeni yote ya gunia humfikia mhindi: nyingine husombwa na mvua, nyingine hupotelea hewani. Kilichopungua kimetolewa na udongo, bila stakabadhi.

Udongo hukitoa wapi? Hukitoa katika mboji, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyokwisha kuoza. Sehemu kubwa mno ya nitrojeni ya udongo imefungwa humo pamoja na kaboni, kwa kadiri ya sehemu 10 hadi 12 za kaboni kwa sehemu moja ya nitrojeni. Kwa hiyo, shamba linalopoteza kaboni hupoteza pia ghala lake la nitrojeni, hali kadhalika uwezo wake wa kushika maji. Nayo mabua ya mahindi, ambayo yangerudisha kaboni hiyo, hulishwa ng'ombe, huwashwa jikoni au huchomwa shambani. Hata yakifukiwa, yana sharti lake: huwa na sehemu 60 hivi za kaboni kwa moja ya nitrojeni, na vijidudu vinavyoyaozesha hulazimika kuazima nitrojeni ya udongo. Ndiyo sababu mahindi machanga yaliyopandwa juu ya mabua mabichi huweza kugeuka manjano.

Mimea ya jamii ya kunde huleta nafuu. Bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake huchukua nitrojeni ya hewani, na majani yake huoza upesi. Hata hivyo, maharagwe ya kawaida, ambayo wakulima wengi huyapanda katikati ya mahindi, ni dhaifu katika kazi hiyo. Tena hung'olewa mzima mzima na kupurwa nyumbani, hata kile kidogo kilichovutwa kutoka hewani kikaishia uani. Soya, njahi na upupu ule usiowasha hufanya vizuri zaidi, hasa majani yakibaki shambani. Lakini upupu hauliwi hivi hivi, na soya hudai soko.

Je, kubadilisha mazao na kutia samadi kunatosha? Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa bahati njema, daftari lipo. Huko Kabete, jaribio lililoanza mwaka 1976 limefuatilia mahindi na maharagwe yakipokezana misimu, kwa samadi, kwa mbolea ya viwandani na kwa mabua yaliyorudishwa. Kaboni ilipungua hata penye samadi pamoja na mbolea. Tofauti ilikuwa kasi ya kupungua. Majaribio ya muda mrefu yaliyoanza Siaya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalionyesha mwelekeo kama huo. Hekima ya kilimo, basi, hupunguza hasara, haijawa faida.

Mgala muue na haki yake umpe. Bila mbolea ya gunia, mhindi hudhoofu, mizizi na mabua hupungua, na udongo hukosa hata kile kidogo cha kurudishiwa. Kasoro ni kuitumia peke yake. Amonia iliyomo katika DAP, ikigeuzwa na bakteria, huongeza asidi ya udongo mwaka baada ya mwaka, hadi chokaa ihitajike. Serikali ya Kenya ilishusha bei ya gunia kwa ruzuku hadi shilingi 3,500 mwaka 2022 na 2,500 mwaka 2023, na nafuu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini ruzuku huhesabu magunia yaliyotoka ghalani. Haihesabu mboji iliyotoka shambani.

Njia ya wastani ipo: theluthi moja ya shamba kupewa soya au njahi kila mwaka kwa zamu, samadi kufunikwa isichomwe na jua, na sehemu ya mabua kuachiwa udongo. Gharama yake, hata hivyo, hulipwa mwaka wa kwanza na aliye na njaa leo, ilhali faida humfikia atakayelima baada ya miaka kumi. Mwenye shamba huenda akavumilia kwa ajili ya wanawe. Aliyekodi ekari kwa msimu mmoja atavumilia kwa ajili ya nani? Mpaka swali hilo lijibiwe katika mikataba ya kukodi na katika sera za ruzuku, mkulima wa Naitiri ataendelea kujua la kufanya na kushindwa kulifanya.