Sura Zisizo na Majina: Siku Tatu Katika Mji wa Whitby

Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Kila juma naandika majina katika vitabu: waliobatizwa, waliofunga ndoa, waliozikwa. Vitabu hivyo vimejaa majina yasiyo na sura. Leo nataka kuwasimulia habari za mji mmoja wa Uingereza ambako nilikuta kinyume chake, yaani sura nyingi na majina machache. Na jinsi jambo hilo lilivyonirudisha nyumbani na deni moyoni.

Parokia yetu ina urafiki wa miaka mingi na parokia moja ya kaskazini mwa Uingereza. Mwezi wa Septemba 2023 tulialikwa watu watano kwenda kuwaona, nami nikawa mmoja wao. Wenyeji wetu walitutembeza huku na huku, na siku tatu za mwisho wakatupeleka Whitby, mji mdogo wa wavuvi ulio pwani ya mashariki, katika nchi ya Yorkshire. Tulipanda gari la moshi katika mji wa Middlesbrough. Safari yachukua kama saa moja na nusu. Njia yafuata bonde la mto Esk, ikipita malisho ya kondoo na vijiji vya nyumba za mawe, hata pale mto unapomwagika baharini ndipo reli inapokwisha.

Mto huo waugawa mji pande mbili, na daraja laziunganisha. Daraja lenyewe hugeuzwa ili kuzipisha mashua zenye milingoti, na watu husimama kando wakingoja bila kugombana. Upande wa mashariki nyumba zimebanana mlimani kama ndege waliotua juu ya tawi moja, na ngazi za mawe 199 zapanda hata kileleni. Nilizihesabu mwenyewe, nikapata 197. Mwenzangu alipata 201. Wenyeji walicheka, wakasema kila mgeni huja na hesabu yake.

Huko juu kuna kanisa la zamani la Waanglikana, na mbele kidogo magofu makubwa ya kanisa la monasteri. Mahali hapo Mtakatifu Hilda alianzisha monasteri mwaka 657, akawa mama mkuu wa watawa, wake kwa waume. Mwaka 664 palifanyika hapo sinodi iliyoamua kwamba Wakristo wa ufalme ule wafuate hesabu ya Roma katika kuadhimisha Pasaka. Magofu yaonekanayo leo ni ya kanisa lililojengwa karne nyingi baada ya Hilda, lakini jina lake halijasahauliwa. Wako watoto wa kike waitwao Hilda hata katika vitabu vyangu.

Sasa niseme habari za picha. Katika nyumba tuliyofikia, ukutani mwa ngazi, palitundikwa picha za kale: wavuvi wenye ndevu, wanawake wenye vikapu, watoto waliokaa juu ya ukuta wa gati. Nilidhani ni jamaa za mwenye nyumba. Lakini tulipotoka kutembea, niliziona tena katika duka la mikate, na tena mahali tulipokula samaki. Nikauliza, "Je, mji mzima ni ukoo mmoja?" Nikajibiwa, "La, hizo ni picha za Sutcliffe."

Basi, Frank Meadow Sutcliffe alizaliwa karibu na mji wa Leeds mwaka 1853. Baba yake alikuwa mchoraji, akafariki mwaka 1871, na kijana akabaki na mzigo wa jamaa yake. Alijaribu kufungua nyumba ya kupigia picha katika mji mmoja wa kusini, asifanikiwe. Akarudi Whitby, akaanza upya katika karakana ya kale ya wachonga mawe. Mawe yenyewe ni meusi, yang'aayo, yapatikanayo pwani ile. Malkia Victoria alipofiwa na mumewe mwaka 1861, wanawake wa Uingereza walipenda kuvaa mapambo ya jiwe hilo kwa ajili ya matanga, na katika miaka ya 1870 watu zaidi ya elfu moja pale Whitby walipata riziki kwa kulichonga. Baadaye mtindo ukapita, na karakana zikawa tupu.

Sutcliffe alipata fedha kwa kuwapiga picha wageni waliokuja kupumzika wakati wa joto. Kazi hiyo hakuipenda sana, bali ilimlisha yeye na watoto wake. Nayo ilimfunga, hakuweza kusafiri mbali. Kwa hiyo alipopata nafasi alichukua kamera yake kubwa ya mbao, akateremka gatini, akawapiga picha majirani zake. Mtu asiyeweza kwenda mbali ndiye aliyeutunza mji wake kuliko wasafiri wote.

Wala msidhani ilikuwa kazi rahisi kama ya siku hizi. Alipoanza, mpiga picha alikipaka dawa kibao cha kioo, akakitia ndani ya kamera kingali kibichi, akapiga, kisha akakimbilia penye giza kukisafisha kabla dawa haijakauka. Baadaye vilipatikana vibao vikavu vilivyotengenezwa tayari, lakini bado vilikuwa vizito, na watu walipaswa kutulia. Ndiyo maana katika picha zake watu hawachekicheki. Wamesimama kimya, wakikutazama.

Picha moja ilimletea maneno. Mwaka 1886 aliwapiga picha watoto wa kiume wakicheza uchi majini karibu na mashua. Wachungaji wa mji walimlaumu kwamba anapotosha vijana. Lakini mwana wa Malkia, yule aliyekuwa baadaye Mfalme Edward wa Saba, aliipenda picha hiyo, akajinunulia nakala kubwa.

Picha iliyonishika mimi ni ya mzee mmoja mwenye ndevu na kofia ya mvua, kifuani amefungiwa vazi nene la vipande vya koki, yaani ule mti mwepesi wa vizibo vya chupa. Huyo ni Henry Freeman. Tarehe 9 Februari 1861 dhoruba kubwa iliipiga pwani ile, na merikebu zikatupwa ufukoni moja baada ya nyingine. Wavuvi wa Whitby waliitoa mashua yao ya kuokoa watu mara tano, wakarudi na mabaharia wakiwa hai. Mara ya sita bahari iliipindua mashua mbele ya macho ya watu wa mji, karibu na gati. Kati ya wavuvi 13 waliokuwamo, walikufa 12. Freeman ndiye aliyesalia, kwa sababu alikuwa amevaa vazi jipya la koki. Hakuacha kazi hiyo. Aliendelea kuingia katika mashua za kuokoa watu kwa miaka mingi, mpaka akawa nahodha wao, akafa mwaka 1904.

Nilisimama mbele ya picha ile nikawawaza wale 12. Siku ile Sutcliffe alikuwa mtoto wa miaka saba, hakuwahi kuwapiga picha. Wao wana majina, ila hawana sura. Na katika picha nyingine za Sutcliffe wako watu wenye sura, tena wazi kabisa, hata waweza kuhesabu nyuzi za shali. Lakini majina yao hakuna ayajuaye.

Yafaa pia niseme kwamba picha si shahidi wa kila jambo. Ukiwatazama wanawake wale wakifuma sufu gatini, waona uzuri. Huoni baridi ya alfajiri walipokuwa wakipasua miguu juu ya miamba kutafuta konokono wa baharini wa kutia katika ndoana za waume zao. Husikii harufu ya matumbo ya samaki, wala huoni usiku mama alipokesha dirishani kwa kuwa mashua haijarudi. Mambo hayo hujulikana kwa kusimuliwa tu. Picha bila msimuliaji ni nusu ya habari.

Jumapili, baada ya Misa, tulikaribishwa chai. Mtu mmoja alileta kitabu cha picha hizo ili sisi wageni tutazame. Akaja kuketi kando yangu bibi mmoja mwenye umri zaidi ya miaka themanini. Nilipofika ukurasa wa wasichana watatu waliokaa juu ya ukuta, aliweka kidole chake.

"Huyu wa kushoto," alisema, "ni dada yake bibi yangu. Na huyu wa katikati, mama yangu alimjua. Kila alipoiona picha hii alimtaja kwa jina, akacheka sana."

Nikamwuliza jina lake ni nani.

Akanyamaza kidogo. "Nilikuwa msichana, naosha vyombo, sikusikiliza. Nilidhani mama atalitaja tena kesho. Sasa nimebaki mimi peke yangu, wala sijui alikuwa akimcheka nani."

Kisha akafunua ukurasa mwingine, akaniuliza habari za mahindi yetu. Lakini mimi sikuweza kumsikia vizuri.

Sababu ni hii. Katika kabati la ofisi yetu kuna picha ya makatekista 14 waliosimama mbele ya kanisa la kwanza, lile la matofali mabichi. Nyuma yake pameandikwa namba tu: 1961. Nimeiona tangu nilipotoka chuo cha ualimu na kupewa kazi hii. Mmoja wa wazee wale alikuwa akija ofisini kwangu kila mwezi kuleta zaka ya jumuiya yake. Alikuwa akiketi penye kiti kile kile, hatua tatu kutoka kabatini. Tulizungumza habari za mvua, na za wajukuu. Sikuitoa picha hata siku moja. Alifariki mwaka 2021, nami mwenyewe nilimwandika katika kitabu cha waliozikwa, kwa mwandiko mzuri.

Niliporudi kutoka Uingereza sikungoja. Niliifunga picha katika kitambaa, nikaizungusha nyumba kwa nyumba baada ya Misa za vigango. Mama mmoja alimtambua baba yake kwa jinsi alivyoshika fimbo. Mzee mmoja alitaja watatu kwa mara moja, akaangua kilio. Mpaka leo nimepata majina tisa. Watano bado.

Sutcliffe aliacha kazi yake ya picha mwaka 1922, akawa mtunzaji wa makumbusho ya mji, akafariki mwaka 1941. Vile vibao vyake vya kioo vilihifadhiwa, na mwaka 1959 mwenyeji mmoja wa Whitby, Bill Eglon Shaw, alivichukua mikononi mwake, na kwa hiyo picha zikazidi kuchapwa na kuonekana. Kama zingetupwa, mji ule ungekuwa maskini kuliko ulivyo. Na kama wazee wangeulizwa mapema zaidi, ungekuwa tajiri kuliko ulivyo.

Ndugu wasomaji, karibu kila nyumba ina picha moja au mbili katika sanduku, au ndani ya Biblia. Jioni moja itoeni, mkamwite babu au bibi, mkae wote pamoja na watoto. Andikeni nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza, maana wino hupenya na kuharibu sura. Andikeni majina kuanzia kushoto kwenda kulia, mahali, na mwaka. Mkiwa na shaka, andikeni "yasemekana". Msiibandike kwa gundi, wala msiiache penye jua au unyevu. Na zile picha mia tano zilizo ndani ya simu, chagueni chache mzichapishe, kwa kuwa simu hufa bila kuaga.

Na mzee atakapolitaja jina akacheka, acheni vyombo kwanza. Mwulizeni anamcheka nani.