Mkono Uliochuma Chai Yetu



Tumerejea Mombasa salama, alhamdulillah, baada ya wiki moja ya kujitolea kusomesha watoto katika nchi ya chai, Kericho na Bomet. Kwetu chai ni mifuko iliyorundikwa maghalani Shimanzi na mnada wa kila wiki. Kule ni kijani kisicho na ukingo, kilichopandwa na makampuni ya walowezi tangu miaka ya 1920 juu ya ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis.

Mkosi ulitukuta karibu na Litein. Mvua ya alasiri ilishuka, gari likakwama topeni, na vitabu tulivyowachukulia watoto vikalowa. Mama mmoja alitukaribisha jikoni mwake, akavianika ukurasa kwa ukurasa kando ya meko. Tuliokwenda kusaidia tukasaidiwa kwanza.

Mama huyo alichuma majani mawili na chipukizi kwa miaka mingi, hata mashine zikachukua kazi yake na ya wenzake. Uchungu huo ndio uliowafikisha watu kuteketeza mashine huko Kericho, Mei 2023.

"Wanangu," alituuliza, "chai ikifika Mombasa, hujulikana imechumwa kwa mkono?"

Tulikosa jibu.

Tulisomesha kwa vitabu vilivyojikunja, vinavyonuka moshi. Aliye na vitabu vya shule ya msingi asivyohitaji, atuletee. Tutarudi Agosti, inshaallah, na safari hii tutachukua turubai.

Wabillahi tawfiq.