Tela la kulala: kengele ya hewa kwanza, mapazia baadaye

Asubuhi ya siku ya kazi katika mji wa Elkhart na vijiji vinavyouzunguka, kaskazini mwa jimbo la Indiana nchini Marekani, mgeni hukutana na jambo la kuchekesha kidogo. Barabarani vinapita vigari vyeusi vinavyokokotwa na farasi. Ndani yake wamo Waamishi, Wakristo ambao kwa desturi ya imani yao hawamiliki magari. Wengi wa wanaume wao wameajiriwa viwandani, na kazi yenyewe ni kuunda matela ya kulala, yale yenye vitanda, jiko na sinki, ambayo familia hufunga nyuma ya gari na kwenda nayo likizo. Anayesafiri kwa farasi ndiye anayemjengea mwenzake nyumba ya magurudumu.

Sehemu kubwa ya matela hayo yanayouzwa Marekani hutoka eneo hili. Elkhart kuna hata jumba la makumbusho yake, na humo limehifadhiwa tela dogo la mwaka 1913. Ukilitazama unaona kuwa tatizo halijabadilika kwa zaidi ya miaka 100: chumba kimoja kidogo, watu kadhaa wanapika na kulala humohumo, na hewa wanayovuta ni ileile.

Katika mji jirani wa Goshen ndiko familia moja ya Kitanzania inayoishi South Bend ilikonunua tela lake la kwanza, kuukuu, la urefu wa mita tano. Baba ni mwenyeji wa Tanga, mama amezaliwa Njombe, na watoto wao ni wawili: binti wa miaka 9 na mdogo wake wa miezi 10. Hoteli kwa watu wanne zilikuwa zinamaliza bajeti ya likizo kabla likizo haijaanza. Tela lingewawezesha kupika chakula chao, na mtoto angelala mahali palepale kila usiku. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Mengine walifundishwa na muuzaji, mzee mjane aliyelitumia tela hilo miaka mingi na mkewe.

Mzee huyo hakuanza kwa kuwaonyesha kitanda wala friji. Alimwambia mama aingie peke yake, afunge mlango, avute pumzi kwa pua.

Pua kabla ya macho

Tela kuukuu linaloficha uvujaji hunuka kama kabati la nguo lililofungwa masika yote. Rangi mpya inaweza kuficha doa la maji, lakini ni vigumu kuficha harufu. Baada ya pua, tumia kidole gumba: bonyeza kuta kwenye kona, chini ya madirisha, na kuzunguka tundu la hewa la darini. Ubao ukibonyea, umeoza kwa ndani, na ukarabati wake unaweza kuzidi bei ya tela. Ukungu unaoota humo ni adui wa mtoto mwenye pumu. Kwa hiyo kila mwaka panda ngazi ukague gundi ya kuzuia maji kwenye maungio ya paa. Ni kazi ya nusu saa ambayo watu wengi huikumbuka wakati godoro limeshalowa.

Harufu ya upya nayo isikufurahishe sana. Baada ya kimbunga Katrina kuupiga mji wa New Orleans na pwani ya kusini mwaka 2005, serikali ya Marekani iliwahifadhi maelfu ya watu katika matela. Baadaye wakazi walianza kulalamika: macho yanawasha, vifua vinabana, watoto wanakohoa. Wataalamu wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, walipima hewa katika mamia ya matela hayo na kukuta kemikali iitwayo fomaldihaidi kwa wastani uliozidi ule wa nyumba za kawaida. Ilitoka hasa kwenye gundi ya mbao za kushindiliwa, zile zinazotengenezea kabati na sakafu. Mwaka 2010 ilipitishwa sheria ya kuweka viwango vya kemikali hiyo katika mbao hizo. Hata hivyo, tela jipya lisilazwe watoto siku ya kwanza. Lifungue madirisha na makabati kwa siku kadhaa, hasa kukiwa na jua, kwa sababu joto huifanya kemikali hiyo itoke kwa wingi.

La mzee wa Goshen lilikuwa limeshamaliza harufu zote. Mabishano yalianza kwenye vitu vya kuweka ndani. Baba alitaka televisheni, mama alitaka mapazia na friji kubwa zaidi. Mzee akawasikiliza, kisha akabandua ukutani kengele ya kutambua gesi ya kaboni monoksaidi, akaigeuza nyuma na kuwaonyesha tarehe ya mwisho wa matumizi. Ilikuwa imepita.

"Hii sasa ni pambo," aliwaambia. "Nunueni nyingine kabla ya pazia lolote."

Waliinunua, pamoja na kengele ya pili ya kutambua gesi ya kupikia inayovuja. Hizi ni kazi mbili tofauti, ingawa vipo vifaa vinavyozifanya zote. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, hivyo kengele yake hufungwa karibu na sakafu. Ukiifunika kwa begi la nguo, umeiziba pua. Kaboni monoksaidi huchanganyika na hewa yote ya chumba, hivyo kengele yake ifungwe pale maelekezo yake yanaposema, karibu na wanapolala watu. Kizima moto kidogo kikae kando ya mlango. Wengi hukitundika juu ya jiko, mahali ambapo siku ya moto hakuna mkono utakaofika.

Kuhusu mtoto mchanga, matela mengi yana meza inayoshushwa ikawa kitanda, ikiwa na mito laini pembeni. Kwa mtu mzima ni raha, ila kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja mito hiyo inaweza kumziba pumzi. Alazwe chali, kwenye kitanda chake kidogo cha kukunja chenye godoro gumu, bila mto wala blanketi zito. Ndiyo maana familia hii iliachana na friji kubwa. Nafasi yake ilihitajika kwa kitanda cha mtoto, na nyama na maziwa vikaingia kwenye deli la barafu lenye kipimajoto ndani. Kikivuka nyuzi 4 za Sentigredi, barafu iongezwe.

Maji nayo yana kanuni yake. Tangi lililokaa miezi bila kutumika lisafishwe kwa dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato: robo kikombe kwa lita 57 hivi za maji. Fungua kila bomba mpaka harufu ya klorini itoke, acha yakae usiku kucha, mwaga, kisha suuza mpaka harufu iishe. Mpira wa maji ya kunywa uwe na rangi yake na sanduku lake, usikutane kamwe na ule wa kumwagia maji ya choo.

Mizani kwanza

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 75 likijazwa nyumbani, umeongeza mzigo wa mtu mzima kabla hujapakia sufuria. Kila tela lina kibandiko, kwa kawaida upande wa kushoto kwa mbele, kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, pamoja na kila kilichomo. Marekani vituo vingi vya mafuta vya malori vina mizani ya kulipia, na mwenye tela anaweza kupima kama lori linavyopimwa Vigwaza, tofauti ni kwamba huku anakwenda kwa hiari yake.

Uzito wenyewe unapokaa ni muhimu kama wingi wake. Kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela inapaswa kuilemea sehemu ya mbele, pale linaposhikana na gari. Mizigo ikirundikwa nyuma, tela huanza kucheza kama mkia wa samaki. Likicheza, usikanyage breki ya gari kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, na kama tela lina breki zake za kushikwa kwa mkono, zitumie taratibu. Minyororo ya usalama ipishane chini kama herufi X, ili kiunganishi kikichomoka kidakwe kisichimbe lami. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 80 za kwanza, na tairi lisihukumiwe kwa kashata pekee: tarakimu nne za mwisho za namba yake hutaja wiki na mwaka lilipotengenezwa. Mpira huzeeka hata ukiwa umeegeshwa.

Na watoto wakae kwenye gari, mikanda ikiwa imefungwa. Binti wa familia hii aliomba apande kitandani nyuma, asafiri amelala. Baba yake alimjibu kwa neno moja la Kitanga lisiloandikika gazetini.

Safari ya kwanza, mwezi Mei, ilikuwa fupi, kama kilomita 70 kuelekea magharibi hadi Indiana Dunes, hifadhi ya taifa yenye vilima vya mchanga kando ya Ziwa Michigan. Njiani saa hurudi nyuma kwa saa moja, kwa kuwa jimbo hilo limegawanywa na majira mawili; mtoto wa miezi 10 hakuarifiwa, akadai uji kwa saa za nyumbani. Walipiga kambi Dunewood, chini ya miti, ambako hakuna umeme wala bomba kwenye maegesho. Jioni mama aliwakagua watoto kupe nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya magoti, kwa sababu kupe wa misitu hiyo wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Ziwani walichovya miguu tu. Maji ya Mei ni ya barafu, na mikondo yake huvuta hata mwogeleaji hodari.

Usiku baridi ilishuka. Mama wa Njombe haogopi baridi, lakini alimhofia mtoto. Wakawasha plate moja ya jiko la gesi, moto mdogo, wakafunga madirisha na tundu la darini, wakalala.

Saa tisa usiku kengele ililia.

"Ichomoe betri tu," baba alisema akiwa bado na usingizi. "Imeisha hiyo, tutanunua kesho."

"Baba watoto, betri hailii hivyo."

Alikuwa sahihi. Betri inayoisha hutoa mlio mmoja mfupi, kimya kirefu, kisha mlio mwingine. Hii ilikuwa ikilia mara nne mfululizo, inanyamaza kidogo, inarudia. Ndipo binti aliposema kichwa kinamuuma. Mama alizima jiko, akasukuma mlango kwa bega, akatoka na mtoto. Baba akambeba binti. Walikaa ndani ya gari wamejifunika vitenge na blanketi, wakapiga 911.

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Hutokea moto wowote, uwe wa mkaa, gesi au petroli, unapowaka bila hewa ya kutosha. Ikiingia mwilini hung'ang'ania chembe nyekundu za damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na mtoto, kwa kuwa anapumua haraka kuliko mkubwa, huathirika mapema. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, ambazo mzazi anaweza kudhani ni mafua au malaria inayoanza. Kinachotofautisha ni kwamba mara nyingi hakuna homa, na watu wa chumba kimoja huumwa kwa pamoja na kupata nafuu wakitoka nje. Waokoaji waliofika walibeba vipimo maalumu, kwa sababu kile kifaa cha kawaida cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni nzuri wakati damu imejaa gesi hiyo. Familia ilikutwa salama. Binti alipewa oksijeni kwa muda, na kichwa kikaacha kuuma.

Tangu hapo jiko la tela hilo hupika tu, na likipika, dirisha na tundu la darini huwa wazi. Usiku nafasi ya vidole viwili huachwa dirishani hata kukiwa na baridi, jambo linalopunguza pia umande wa pumzi za watu wanne unaootesha ukungu. Joto linatokana na masweta, mifuko ya kulalia na chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo na kuondolewa kabla watoto hawajalala. Mapazia walishona baadaye, kwa vitenge vilevile vya usiku ule.

Mwezi Julai mama alikwenda Njombe kumsalimia mama yake. Julai ya Njombe inajulikana, na bibi, kama majirani zake wengi, amezoea kuingiza jiko la mkaa chumbani jioni. Kati ya kanga na sabuni za zawadi, mama alipakia kengele ya betri na betri nne za akiba. Walibishana siku mbili kuhusu jiko. Siku ya tatu lilihamia barazani na bibi akaongezewa mablanketi mawili, ingawa anasema bado usiku ni mrefu.

Kengele ipo ukutani kando ya kitanda chake. Kila Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, huibonyeza asikie kama bado inalia.